Kufua nguo za mwenye pumu ya ngozi: sabuni ipi, na kwa nini kusuuza ndo mpango mzima

Mtu akishaambiwa mtoto wake ana pumu ya ngozi, yaani ekzema, swali linalofuata ni "sasa nimfulie na sabuni gani?" na ukiuliza watu kumi utarudi na majibu kumi, huyu anakwambia ya mche tu, yule anasema nunua ile ya watoto ya bei, mwingine anakwambia achana na sabuni zote loweka na mwarobaini. Mi naanza na hili halafu tutaendelea na mengine: sabuni ina mchango wake, ila kinachosumbua ngozi mara nyingi ni ile sabuni iliyobaki kwenye kitambaa baada ya kufua. Nguo iliyofuliwa na sabuni ya kawaida ikasuuzwa ikatakata ni bora kuliko nguo iliyofuliwa na sabuni ya gharama ikasuuzwa maji mamoja na ukiikamua bado inateleza.

Sababu yake ni hii. Ngozi ya binadamu ina asidi kidogo, pH yake (kipimo cha asidi, namba ikishuka asidi inazidi) ni kama 4.5 hadi 5.5, wakati maji yenye sabuni ya unga yanafika 10 na zaidi, na sabuni ya mche inacheza kwenye 9 na 10. Ngozi isiyo na tatizo ikiguswa na kitu hicho inajirudi yenyewe. Ngozi ya mwenye pumu ya ngozi ukuta wake una upenyo, unyevu unatoka kirahisi na vitu vya nje vinaingia kirahisi, so kitu kidogo tu kinawasha moto. Sasa fikiria nguo imekauka na sabuni ndani, mtoto kaivaa, kacheza juani, jasho limelowesha ile nguo, sabuni imeyeyuka upya na inakaa shingoni na kwapani mpaka jioni. Hapo hata kama sabuni imeandikwa "kwa ngozi nyeti" haikusaidii kitu.

Kabla hujabadilisha chochote angalia upele umekaa wapi

Watu wengi wanaruka hapa wanakimbilia dukani. Pumu ya ngozi yenyewe kwa mtoto mkubwa inapenda mikunjo, yaani ndani ya viwiko na nyuma ya magoti, na kwa mtoto mchanga inapenda mashavu. Hiyo haimaanishi nguo ndo zimeleta. Ila ukiona muwasho umekaa pale nguo inapobana au kusugua, shingoni kwenye kola, kiunoni kwenye lastiki, pembezoni mwa kwapa, ndani ya mapaja, hapo nguo au kilichomo kwenye nguo kina kesi ya kujibu. Na usitafute wekundu kama wa kwenye picha za intaneti, ngozi zetu nyeusi zikiwaka zinakuwa za zambarau au kijivu au zinaiva nyeusi zaidi, zinavimba vipele vidogo na kuwa ngumu, wekundu unaweza usiuone kabisa.

Sabuni sasa

Sabuni ya unga ya kawaida isiyo na manukato makali inafaa. Kama dukani kwenu ipo iliyoandikwa haina manukato wala rangi, chukua, ila soma vizuri, maana "harufu nyepesi" bado ni manukato. Manukato ndo kitu cha kwanza cha kukwepa kwa mtu wa hivi, yamo kati ya vitu vinavyoongoza kwa kuleta aleji ya ngozi, na nguo "kunukia usafi" ni mazoea yetu tu, nguo safi haina harufu.

Kuna maneno kwamba vimeng'enya vilivyomo kwenye sabuni za unga, vile vya kula madoa, ndo vinaleta pumu ya ngozi. Uingereza huko wanauza kabisa sabuni za aina mbili, zenye vimeng'enya na zisizonavyo, na watu wanabishana miaka nenda rudi. Waliopima kwa watu wenye pumu ya ngozi hawakuona tofauti ya maana ikiwa nguo imesuuzwa. Kwa hiyo kama ndugu yako wa London anataka kukubebea boksi la sabuni kwenye begi, mwambie abebe vitu vingine.

Unga una faida moja ambayo haitajwi sana. Sabuni za maji ili zisioze zinawekwa dawa ya kuzuia bakteria, mojawapo inaitwa methylisothiazolinone, na hiyo mwaka 2013 madaktari wa Marekani wa aleji za ngozi waliitaja kuwa kisababishi cha aleji cha mwaka. Unga ni mkavu, kwa kawaida hauhitaji dawa hiyo. Mtu ambaye ngozi inasumbua na hajui kwa nini, kuhamia unga ni hatua rahisi.

Halafu kuna hizi sabuni za maji tunazotengeneza wenyewe mitaani na kuuza kwenye chupa za maji. Sina ugomvi na mjasiriamali, sakafu na vyombo vinang'aa, ila angalia vinavyoingia mle ndani, salfoniki, slesi, soda ashi, gliserini, pafyumu, rangi, na wengi wanaweka fomalini isiharibike. Fomalini ni aleji inayojulikana, na vipimo ni vya kukadiria kwa kikombe, wiki hii imetoka laini wiki ijayo imetoka kali. Kwa nguo za mtu huyu mmoja, hapana.

Ya mche? Inategemea maji yako. Kwenye maji laini, ya mvua au ya bomba yasiyo na chumvi, ya mche isiyo na harufu inafua vizuri na inatoka. Ila kama maji yako ni ya kisima cha kuchimba, yale ya chumvi ya Dar ambayo hata povu halitoki, sabuni ya mche inashikana na madini ya maji inakuwa utando mweupe unaoganda kwenye nyuzi, ndo ule ukakasi unaousikia kwenye taulo. Hapo unga ni bora maana umewekewa vitu vya kupambana na hayo madini. Na usihangaike kununua mashine ya kulainisha maji ukidhani ndo tiba, Uingereza walijaribu kwa watoto 336, utafiti ukatoka mwaka 2011, walioungiwa mashine nyumbani hawakupona zaidi ya ambao hawakuungiwa. Kama unayo maji kidogo mazuri na mengi ya chumvi, fua na ya chumvi, yale mazuri yaweke kwa suuza ya mwisho.

Kiasi nacho. Kufua kwa mkono watu wanamimina mpaka povu lifurike, povu halifui, povu ni la kufurahisha macho. Koroga sabuni iyeyuke KABISA kabla hujatumbukiza nguo, ile chenga iliyojificha kwenye mfuko wa suruali au mshono wa kola ndo unaikuta kesho kwenye ngozi ya mtoto.

Softena achana nayo

Ile ya kulainisha na kunukisha nguo, na zile punje za harufu. Hapa kusuuza hakukuokoi, maana softena imetengenezwa makusudi ing'ang'anie kwenye nyuzi baada ya maji kumwagwa, ndo kazi yake. Inabaki na manukato yake juu ya ngozi. Vilevile kufukiza nguo udi, na najua nikisema hivi kwa watu wa Unguja na Tanga naonekana sina adabu, lakini fukiza nguo zako, kabati la mtoto liache, moshi wa udi unaingia kwenye nyuzi kama manukato mengine tu. Stachi ya yunifomu pia ipunguze, kola iliyosimama kama kadi inasugua shingo.

Jik, kama ni lazima kwa nguo nyeupe, mara mojamoja, iliyochanganywa na maji mengi na kusuuzwa mpaka harufu iishe. Usiichanganye kamwe na siki wala dawa ya choo, inatoa gesi ya klorini, na wapo wanaoweka siki kwenye suuza ya mwisho "kulainisha" halafu walishaweka Jik mwanzo. Chagua moja. Au acha zote.

Kusuuza, hapa tukae kidogo

Najua maji ni shida, mgao upo, ndoo inanunuliwa. Ndo maana hesabu hii ina maana. Chukua shuka moja uliyomaliza kufua, ukaikamua ikabaki na lita 1 ya maji ya sabuni. Una lita 27 za kusuuzia. Ukizimwaga zote kwenye beseni mara moja, sabuni inayobaki kwenye shuka ni kama sehemu 1 kati ya 28. Ukizigawa mara tatu, lita 9, unakamua, lita 9, unakamua, lita 9, unakamua, inabaki 1 kati ya 1,000. Maji ni yaleyale! Na ukikamua kivivu, shuka ikabaki na lita 3 kila safari, hata ukisuuza mara tatu unaishia 1 kati ya 64. Hesabu ni ya darasani, sabuni nyingine inashikilia nyuzi kwa hiyo beseni halitakupa namba hizo kamili, ila mwelekeo ndo huo: kukamua ndo kunakosuuza, maji yanasaidia tu. Kwa shuka na jinzi tafuta mtu wa pili, kila mmoja ashike ncha yake mkazungushe.

Utajuaje imetoka? Maji ya mwisho yawe meupe na nguo ukiibana kwenye ngumi isiteleze wala isitoe vipovu. Kwa nguo ambazo zimeshakauka kabatini, chukua moja utumbukize kwenye maji ya moto kwenye ndoo, uitingishe, ukiona povu jua umekuwa ukimvalisha mtoto sabuni.

Wenye mashine, shida yenu ni kujaza. Ngoma ikijaa mpaka mlango unafungwa kwa goti maji hayapiti katikati ya nguo. Jaza kama robo tatu, bonyeza suuza ya ziada, punguza unga. Mashine za mapipa mawili zile za nusu mkono, maji ya upande wa kufulia watu wanayatumia raundi tatu, sasa hapo...

Mpangilio

Nyumba nyingi beseni moja la sabuni linafua nyeupe, halafu za rangi, halafu soksi, na mwisho linaoshea ndala. Nguo za mwenye pumu ya ngozi ziingie za kwanza, maji yakiwa mapya, na zisuuzwe kwa maji mapya, zisisubiri maji waliyosuuzia wengine. Ukipeleka kwa dobi mwambie hivyohivyo kwa mdomo, sabuni yako umpe mwenyewe kwenye kimfuko, na umwambie asiweke ya kunukisha hata kama ni ofa.

Nguo mpya zifuliwe kabla ya kuvaliwa. Kanga na vitenge vipya vina wanga na rangi ya ziada inayochuja, mashati yale "hayahitaji pasi" na baadhi ya mashuka yana dawa ya fomalini ya kuzuia mikunjo, na mitumba huwezi kujua ilipuliziwa nini kabla ya belo kufungwa. Kwa mitumba nafua mara mbili. Ukakasi mwingine hauko hata kwenye sabuni: lebo ya shingoni ikate yote mpaka mshono wake, ukibakiza kile kipande kigumu umefanya vibaya zaidi.

Kitambaa chenyewe, pamba. Kanga iliyochakaa ndo shuka bora ya mtoto duniani, sitanii, imefuliwa mara mia, wanga ulishaisha, rangi ilishatoka yote ya kutoka. Poliesta inashika jasho, na ile ya nyeusi au bluu iliyokolea ina aina za rangi zinazojulikana kuleta aleji pale inapobana na jasho. Yunifomu nyingi ni poliesta na shule haibadilishi sheria kwa ajili yako, basi mvalishe vesti ya pamba ndani. Mliopo Mbeya, Njombe, Arusha, mwezi wa sita na wa saba, sweta la sufu lisiguse ngozi, livaliwe juu ya shati la mikono mirefu, sufu inachoma hata ngozi isiyo na tatizo.

Kuanika na pasi

Jua ni zuri, anika kwenye kamba mpaka ikauke kabisa, kola na mishono ndo inachelewa. Usianike kwenye majani wala ukatandaza chini. Kuna yule nzi wa funza wa nguo, anataga mayai kwenye nguo mbichi hasa za kivulini na kwenye mchanga, mabuu yanaingia kwenye ngozi yanatoa kama jipu lenye kitundu katikati, na mtoto ambaye tayari anajikuna utadhani pumu ya ngozi imezidi. Pasi ya moto, pande zote mbili, mishono na lastiki ukitilia mkazo, inamaliza mayai. Umeme umekatika na pasi ya mkaa hamna? Zikae zaidi ya wiki mbili kabatini kwanza, hasa chupi na nepi.

Shuka, taulo, neti

Shuka na foronya kila wiki, ngozi inayopukutika ni chakula cha wadudu wadogo wa vumbi na wao ni kichochezi. Maji ya nyuzi joto 60 yanawaua, ambayo kwa beseni ni kuchemsha sufuria na kuchanganya mpaka mkono hauvumilii, tumia mti kukorogea. Maji ya baridi hayawaui wote ila yanaondoa kinyesi chao ambacho ndo hasa kinachowasha, kwa hiyo maji ya baridi kila wiki yanashinda ya moto mara moja kwa mwaka. Taulo la mtu huyu ni lake peke yake, ngozi ya hivi hubeba bakteria kirahisi na kuwagawia wengine.

Neti usiache kumwekea, malaria haisubiri. Neti mpya yenye dawa itundike kivulini siku nzima kabla ya kulalia, ikianza kutumika ichomekwe chini ya godoro ila isimlalie usoni. Ikichafuka ifue taratibu na sabuni isiyo kali, usiiloweke Jik, ikaushe kivulini maana jua linaimaliza dawa. Hizi za muda mrefu zimetengenezwa kuhimili mifuo kama 20, huna haja ya kuifua kila mwezi.

Mafuta

Mwenye pumu ya ngozi anapakwa mafuta mazito kutwa, ndo tiba yenyewe ya kila siku, na yanaishia kwenye nguo na shuka. Loweka kwenye maji ya moto na unga nusu saa kabla ya kufua, maji ya baridi hayayatoi. La muhimu zaidi ni moto. Kitambaa kilichonyonya mafuta hayo kikakauka kinashika moto haraka na kuwaka kwa kasi, mamlaka ya dawa ya Uingereza ilitoa onyo hilo upya mwaka 2018 baada ya watu kufa, na wakasema kufua kunapunguza tu, hakumalizi. Huku kwetu kuna jiko la mkaa, kibatari, mshumaa umeme ukikatika. Mtoto aliyepakwa mafuta asikae karibu na hivyo vitu na shuka yake isikaribie.

Na mikono yako we unayefua

Pumu ya ngozi ya mikono inawapata sana wanaofua kila siku, akina mama na dada wa kazi, na hamna anayewauliza. Vaa glavu za mpira na ndani yake glavu nyepesi za pamba, zivue kila baada ya robo saa hivi ukaushe jasho, vua pete maana sabuni inajificha chini yake, ukimaliza suuza mikono kwa maji matupu, jipake mafuta ingali na unyevu. Kama unamwajiri mtu, glavu ni juu yako kununua.

Kujaribu bila kujichanganya

Badilisha kitu kimoja halafu ukipe wiki tatu. Ukibadilisha sabuni na mafuta na chakula wiki hiyohiyo, akipata nafuu hutajua kilichosaidia, na utaishia kumnyima mtoto mayai bure. Mi ningeanza na kutoa softena na kusuuza mara tatu, sabuni ikiwa ileile. Bila mabadiliko, nenda kwenye sabuni. Bado? Basi nguo sio tatizo, rudi kwenye mafuta na dawa alizoandikiwa na daktari. Zile krimu za mchanganyiko za duka la dawa unazopewa bila kuangaliwa ziache, nyingi zina steroidi (dawa ya kupunguza uvimbe) kali.

Ukiona ngozi inatoa usaha au maji ya manjano yanayoganda, nenda hospitali. Ukiona malengelenge madogo mengi yanayofanana, yanauma, na mtoto ana homa, nenda siku hiyohiyo, usingoje kesho. Kwa kesi ngumu omba rufaa ya daktari wa ngozi, Moshi pale hospitali ya KCMC kuna kituo cha kufundisha wataalamu wa ngozi tangu 1992 na wagonjwa wanaonwa.

Na akienda likizo kwa bibi mfungie shuka zake, taulo lake na kimfuko cha sabuni yake, halafu mpigie bibi mwenyewe umweleze kwa heshima kuhusu kusuuza, usimtume mtoto, maana bibi atafua kwa mapenzi yote, ataweka na harufu nzuri, na wiki ya pili simu itapigwa usiku.